Kioo Kilichoungua Chini

Kemuma alikuwa amevipanga vioo vitatu juu ya meza yake ya kuuzia bisi, mgongo chini, kama mtu aliyeanika omena. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mtu wa ziwa hata akifika mbinguni ataanza kwa kuuliza samaki wako wapi.

"Angalia kwanza, Obiero, ndio ucheke," akasema.

Nikaangalia. Kila kimoja kilikuwa bakuli la kioo, pana kama sufuria ya ugali wa familia kubwa, na tundu katikati la kupitishia shingo ya balbu. Kioo cha namna hii hukaa ndani ya projekta ya sinema, katika sanduku la chuma ambalo sisi wa kazi hii tunaliita nyumba ya taa. Balbu inawaka mbele yake, kioo kinakusanya mwanga wote na kuurusha kwenye lenzi. Kikiwa kizima, ukutani unaona hata chunusi ya mwigizaji. Kikiharibika, unaona vivuli vinavyosalimiana.

Hivi vitatu vilikuwa vimebabuka. Ile ngozi nyembamba inayong'aa ilikuwa imepasuka na kukunjamana, mfano wa utando wa maziwa uliosukumwa na kijiko.

"Cha nne kiko wapi?"

"Kwa kabati. Nimekifunga na blanketi, na ufunguo niko nayo mimi."

"Na cha tano?"

"Ingekuwa kuna cha tano, fundi, ningekuita?"

Hapo alikuwa amesema ukweli wote. Projekta yenyewe aliinunua kutoka sinema fulani iliyofunga milango, na vioo vinne vikaja nayo. Nyumba ya taa ya aina ile haitengenezwi tena. Kabla sijatoka Sigowet, ninakoishi, nilikuwa nimepiga simu kwa kila mtu ninayemjua katika kazi hii, na hao si wengi siku hizi, na wote waliniambia kitu kimoja: vioo vya aina hiyo vilivyobaki, kama vimebaki, viko ndani ya mashine za watu. Cha nne kikiungua, ukumbi wa Kemuma unarudi kuwa stoo ya mbolea.

Na ukumbi huo ndio riziki yake. Alichuma chai katika shamba la hapo hapo, ng'ambo ya barabara ya kutoka Litein, mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa na watu wakaambiwa kwaheri. Wenzake walinunua ng'ombe na bodaboda. Yeye akakodi ukumbi wa zamani wa burudani wa wafanyakazi, uliokuwa umegeuzwa stoo ya mbolea, na kununua projekta, na watu wakamcheka mpaka Jumamosi ya kwanza, walipokuja kumcheka na kukosa viti.

"Jumamosi hii nina show," akasema. "Nimetangaza mpaka Bomet. Niweke cha nne ama nisiweke? Hiyo tu ndiyo nataka uniambie. Hayo mengine ya samaki tutaongea baadaye."

Mimi nilianzia kazi hii Kisumu, katika sinema ambayo leo ni kanisa. Waliponunua jengo walitaka kunibakiza niwe mpiga gita. Walinisikia nikipiga, wakaniombea safari njema. Tangu hapo ninatengeneza televisheni za watu wanaoamini kwamba kofi ndilo huduma ya kwanza. Kwa hiyo kuitwa tena kwenye nyumba ya taa ilikuwa kama kuitwa kwenye arusi, hata kama bibi arusi ana homa.

Chumba cha projekta kiko juu ya mlango mkubwa, unapanda kwa ngazi ya mbao. Nilipanda na vile vioo vitatu, nikamkuta huko Kipkorir, mwendeshaji wa mashine. Huyu alifanya kazi kiwanda cha chai mpaka akastaafu, sehemu ya kunyaushia majani, na usafi wa kiwanda haukumtoka. Bisibisi zake zilikuwa zimepangwa kwa urefu. Sakafu yake ungeweza kuilia ugali.

"Chamge, jaduong'," akanisalimu, nusu kwa lugha yake, nusu kwa Kijaluo changu.

"Chamge mising."

"Umekuja kuangalia mashine ama kuniangalia mimi?"

"Nimekuja kunywa mursik, maziwa yenu ya kibuyuni. Mashine ni kisingizio."

Akacheka kidogo, si sana. Alijua kwamba vioo vitatu vilikuwa vimeungulia mikononi mwake, na hakuna anayependa fundi wa tatu aje kunusanusa karibu na kiti chake. Wa kwanza na wa pili walikuwa wameshakuja na kwenda. Wa kwanza alilaumu balbu, ikabadilishwa. Wa pili alilaumu umeme kupanda na kushuka, kikanunuliwa kifaa cha kuutuliza. Kioo hakikuwasikiliza.

Sasa, kioo kilichoharibika kinasema, ukijua kukiuliza. Balbu ikipasuka ndani, kioo kinakuwa na vidonda vidogo kila mahali, kama uso uliopata tetekuwanga. Mtu akikishika kwa mikono mitupu, mafuta ya vidole yanaivia pale pale na utaona alama za dole gumba mpaka siku ya kufa. Balbu ikikaa upande, kioo kinaungua upande huo. Na hewa ikikosa kutoka, kinaungua juu, kwa sababu moto hupanda.

Vya Kemuma viliungua chini.

Nilivirudia vyote. Kila kioo kina pengo dogo pembeni la kukiweka sawa, na pengo hilo hukaa juu, kwa hiyo hakuna kukosea. Chini, chini, chini. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiwa na kimoja magotini.

"Kuna nini?" Kemuma akauliza kutoka mlangoni.

"Mama, hapa Kericho moshi unapanda ama unateremka?"

"Inategemea ni wa nani."

"Basi wako unateremka."

Nikapima. Balbu ilikuwa katikati kabisa. Shingo yake haikupinda. Kiti cha kioo kilikuwa kimekazwa vizuri, hakuna skrubu iliyobana zaidi ya nyingine. Feni ya paani, inayovuta joto juu kupitia bomba, ilikuwa inazunguka bila kelele. Kisha nikapitisha kidole chenye kitambaa cheupe ndani ya nyumba ya taa, kwenye kona ya chini ambapo hata Kipkorir hafikishi brashi, na kitambaa kikatoka na vumbi la kahawia, laini kama ugoro.

Nikalinusa. Nikalinusa tena. Nikampa Kemuma anuse.

"Hiyo ni chai," akasema.

"Ni chai."

"Ndani ya projekta?"

Wote wawili tukageuka kumwangalia Kipkorir, na macho yetu, bila mpango, yakateremka mpaka kwenye chupa kubwa ya chai iliyokuwa chini ya kiti chake.

"Ai, hapana," akasema. "Hapana kabisa. Mimi ninywe chai karibu na umeme? Hiyo chupa ni ya uji. Fungua."

Nikafungua. Ilikuwa uji wa wimbi. Kemuma akasema labda asubuhi huwa na chai na mchana ndio uji, na Kipkorir akamwambia kwamba mtu aliyekaa miaka yote akiipulizia chai upepo hana hamu ya kuinywa, aulize mke wake.

Kwa hiyo tukabaki na mambo mawili yasiyokaa pamoja: moto unaoteremka, na chai iliyoingia katika sanduku la chuma lililofungwa. Nilikuwa na furaha isiyo na aibu. Kemuma aliniona nikitabasamu akasema, "Wewe unafurahia kama daktari amepata ugonjwa mpya. Ni mimi nitazikwa."

Tukaamua kujaribu. Nilirudisha kioo kile kilichoharibika kidogo kuliko vingine, kwa sababu aliyekwisha kuungua hana la kupoteza. Kwenye tundu la chini la nyumba ya taa, mahali hewa baridi inapoingilia, nikabandika ukanda wa tishu. Hewa ikiingia, tishu inavutwa kuelekea ndani. Hewa ikikwama, inalegea. Ni kipimo cha maskini, lakini hakina betri ya kuisha.

Kipkorir akawasha. Mwanga ukajaa, hafifu lakini mwanga. Tishu ikavutwa ndani, ikatulia hapo kama mtoto kwenye ziwa la mama. Nikatia mkono karibu na bomba linalopanda paani: moto, na moto wa haki, ule unaokwenda zake. Nusu saa ikapita. Hakuna kilichobadilika. Nikajifuta mikono.

"Mama, lete cha nne," nikasema. "Mashine ni nzima. Hivyo vitatu nafikiri viliharibika tangu huko vilikotoka."

Kemuma hakusogea. Alikuwa ameushika ufunguo ndani ya mfuko wa sweta. Niliona ngumi yake pale.

"Fundi wa kwanza alikaa hivi hivi," akasema. "Nusu saa, akapanguza mikono, akasema weka. Nikaweka. Wa pili, nusu saa, akapanguza mikono. Nikaweka. Wewe pia umepanguza mikono."

"Kwa hiyo nisipanguze?"

"Kwa hiyo ukae. Filamu yote. Na haftaimu."

"Hakuna hata mteja mmoja, haftaimu ni ya nini?"

"Obiero. Kaa."

Nikakaa. Akachagua filamu ya Kihindi, kwa sababu, alisema, nilikuwa nimejifanya nina haraka. Akashuka akaketi peke yake katikati ya ukumbi mtupu, sweta begani, na mara moja moja nilimsikia akimkemea mama mkwe wa kwenye picha kwa Kikisii. Mimi nikabaki juu nikiiangalia tishu. Kuangalia tishu kwa zaidi ya saa nzima ni kazi ambayo mtu hawezi kumwambia mkewe amefanya.

Mapumziko yakafika. Picha ikazimwa, taa za ukumbi zikawashwa, na Kemuma, kwa mazoea ya miguu, akaenda kusimama nyuma ya meza yake ya bisi ingawa hapakuwa na wa kumuuzia. Nikatoka nje kunyoosha mgongo na kulitazama bomba kutoka upande wa pili.

Mvua ya Kericho ilikuwa imetoka kupita. Ng'ambo ya barabara kiwanda cha chai kilikuwa kinafanya kazi, na kutoka kwenye madirisha yake ya juu ilitoka ile harufu ambayo watu wa huku wameacha kuisikia zamani. Mimi wa kutoka mbali kidogo niliisikia. Nikatazama paa la ukumbi. Mabati kuzunguka bomba letu yalikuwa na rangi ya kahawia, si kutu. Mvua ilikuwa imeyachora mistari. Vumbi la chai. Linapeperuka kutoka kiwandani, linatua juu ya kila kitu, na pia kwenye mdomo wa bomba.

Lakini bomba linatoa. Vumbi litaingiaje mahali pa kutokea?

Nilipopanda ngazi filamu ilikuwa imeshaendelea. Nikainama kuiangalia tishu, na tishu ikanipiga puani.

Ilikuwa inapepea nje. Ilikuwa imegeuka kabisa, inanipungia kama abiria. Nikaweka mkono chini ya nyumba ya taa na hewa ya moto ikanimwagikia kiganjani, hewa yenye harufu ya chai.

"Kipkorir," nikasema polepole, kwa sababu sikutaka kumshtua yeye wala mimi. "Hii tishu imegeuka."

"Ndiyo. Nimegeuza upepo."

"Umegeuza upepo."

"Si ni haftaimu?"

Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa kwa nini alifunga mlango baada ya kuingia. Kisha akanionyesha, bila kuficha chochote, swichi iliyokuwa ukutani nyuma ya mlango. Alikuwa ameiandika kwa rangi nyeupe, herufi nzuri: JUU, CHINI. Nilikuwa nimeiona asubuhi nikadhani ni ya taa za ukumbi.

"Zima balbu kwanza," nikamwambia. "Feni irudishe juu. Halafu nieleze, pole pole, kama unamweleza mtu aliyekulia kwenye samaki."

Akazima, akarudisha swichi, akanieleza. Majani yakiletwa kiwandani humwagwa juu ya vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa inapuliza chini yake ili yanyauke. Ukipuliza upande mmoja tu mpaka mwisho, majani ya chini yanakauka na ya juu yanabaki mabichi, na chai ya siku hiyo inaharibika. Kwa hiyo ikifika katikati, unageuza upepo, uende kinyume. Usipogeuza, msimamizi anakufukuza. Alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi.

"Na hii pia ni kitu inapulizwa na feni," akasema. "Nikaona kama moto unatoka juu tu, kioo kitachoka juu. Nikageuza mota iweze pande zote mbili. Kila haftaimu nageuza, joto inagawanyika."

"Na kile kibao cha usalama ndani ya bomba? Kile kinachozima balbu hewa ikikosa kutoka?"

"Hicho kilikuwa kinasumbua. Kilikuwa kinakubali upande mmoja tu, nikigeuza, taa inakataa kuwaka. Nikakipiga tupa kidogo. Sasa kinakubali pande zote."

Nikakaa tena juu ya ndoo. Mtu huyu alikuwa amemkuta mlinzi mlangoni na kumfundisha adabu. Katika nusu ya pili ya kila filamu, feni ilivuta hewa ya paani, yenye unyevu na vumbi la chai, ikaushindilia moto wa balbu uende chini, na kioo kikaiva kutoka chini kama mkate. Na mafundi wote, mimi nikiwa wa tatu, tulikuwa tukipanguza mikono kabla ya mapumziko.

Kemuma alikuwa amepanda ngazi aliposikia picha imekatika. Alisikiliza kutoka mlangoni. Nilingoja amrukie mzee wa watu.

"Lakini ni kweli," akasema. "Majani hugeuzwa."

"Mama."

"Mimi nilimwona akigeuza tangu wiki ya kwanza. Nikasema moyoni, huyu mzee ni mwangalifu, sikukosea kumwandika." Akaegemea ukuta. "Hao mafundi wote waliniuliza kama kuna kitu kimebadilishwa. Nikasema hakuna. Sasa hiyo ningeitaja ya nini? Ni kama kutaja kwamba tunafagia."

Kipkorir alisogea karibu. Aliangalia kile kioo ndani ya mashine, kisha mikono yake.

"Kwa hivyo ni mimi nimemaliza zote tatu."

"Lakini zimenyauka vizuri," nikamwambia. "Hakuna hata kimoja kilichobaki kibichi."

Alitaka kukasirika, nikaona. Halafu mdomo ukamshinda, akacheka. Akachukua bisibisi ya nne kutoka kushoto, bila kuitafuta, akaifungua ile swichi kutoka ukutani na kuunganisha nyaya ili feni ivute upande mmoja milele. Mimi nikakata bati jipya la kibao cha usalama na kukifunga jinsi kilivyozaliwa.

Kilipobaki cha nne, Kemuma akatoa ufunguo. Nikanyoosha mkono. Akanipita akampa Kipkorir.

"Vaa glavu," akamwambia.

Nilimvuta kando. "Mama, una uhakika? Mimi nipo hapa, na ni cha mwisho."

"Wewe utarudi Sigowet," akasema. "Na katika Kericho nzima na Bomet, sasa kuna mtu mmoja tu ambaye hatawahi kugeuza feni ya sinema. Ndiye ninamtaka."

Kipkorir alikifungua kile kioo kutoka kwenye blanketi kama anamfungua mtoto. Alikiweka, pengo juu, akakaza skrubu moja moja kwa zamu, na nilijua kwamba angekaza hivyo hata nisingekuwa nikimtazama.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Walikuja wa shambani na wa Litein, wakaja vijana wa Bomet kwa bodaboda wakiwa wamelowa mpaka kwenye kola. Picha ilipogonga ukuta watu wakasema "eeeh" kwa pamoja, ile sauti ya chini ambayo hakuna simu imewahi kuitoa kwa mtu. Kutoka juu niliweza kuhesabu nyuzi za mavazi ya mwigizaji.

Mapumziko yalipofika Kipkorir alisimama, akaenda mpaka nyuma ya mlango, akatazama matundu mawili ya skrubu ukutani. Akarudi akaketi. Akasimama tena.

"Jaduong', mkono unaniwasha."

"Nenda ukamsaidie mama kuuza bisi."

Akaenda. Nilimsikia huko chini akimwambia mteja apange foleni vizuri. Tishu ilibaki imevutwa ndani, na ikabaki hivyo nusu ya pili yote, na mimi sikuona hata tukio moja la nusu hiyo.

Watu walipotoka tuliacha feni ivute mpaka chuma kikapoa kabisa. Nikavaa barakoa ya uso, kwa sababu balbu ile hata ikiwa baridi ina gesi yenye hasira inayoweza kuipasua, na wao nikawavalisha zao, nikafungua mlango wa nyumba ya taa. Kemuma akashusha pumzi kabla hajaangalia. Kisha akainama na tochi.

Akamulika chini, akamulika juu, akarudia tena na tena mpaka nikaogopa.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Ni safi," akasema. "Chini ni safi, juu ni safi. Lakini Obiero, mbona niko humu kichwa chini?"

Kipkorir akamsogeza kidogo kwa bega, naye akachungulia. Akajiona amening'inia kama popo, barakoa na yote. Akatikisa kichwa, yule wa ndani naye akatikisa. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea mbele tena.

"Hiyo sio mimi nimegeuza," akasema.

Nilianza kuwaeleza jinsi bakuli linavyoukusanya mwanga mahali pamoja na kuuvusha upande wa pili, nikatumia mikono, nikatumia kifuniko cha chupa ya uji. Walisikiliza kwa adabu. Kisha Kemuma akainua mkono wake wa kulia mbele ya kioo ili aone utatokea wapi, akauteremsha, akauinua tena.

"Utanieleza yote kesho," akasema. "Sasa funga mlango, isije ikaingia unyevu. Kesho watu wanatoka kanisani wakija hapa moja kwa moja."